Namba za Kapteni Hollis

Watu wa gati yetu hapa Orange Beach hupenda kunisimulia habari za baba yangu kana kwamba mimi niliokotwa jalalani. Wananiambia Kapteni Hollis Ladnier alikuwa mkali, Kapteni Hollis alijua samaki wanakolala, Kapteni Hollis hakuwa na mpinzani pwani yote ya Alabama. Nawaambia basi, inatosha. Nimekuwa baharia kwenye boti yake tangu nimalize shule, nimetukanwa naye kwa jua na kwa mvua. Kama kuna mtu wa kumweleza, ni mimi.

Baba alikuwa na namba. Kwa wenzangu wa gatini nikisema hivyo nimemaliza, lakini wewe huenda hujakaa huku. Bahari yetu hii chini ni mchanga mtupu, uende mpaka nchi kavu ipotee machoni bado ni mchanga, na changu mwekundu hapendi mchanga. Anataka kitu cha kujificha. Basi makapteni humtengenezea. Wanachukua kibali, wanapakia mabomba ya saruji na matenga ya chuma ya kusafirishia kuku, wanakwenda mbali, wanayatosa. Miaka miwili mitatu samaki wameshahamia, na huo ndio mwamba wako. Ila bahari haina ua wala kufuli. Anayejua namba za ramani za mahali pale ndiye mwenye mwamba, na akizijua mwingine, mmekuwa wawili.

Baba alitosa miamba mingi mno, na namba zote alizitia kichwani. Mashine ya ramani ilikuwepo, nzuri tu, lakini kila jioni aliifuta kabla hajashuka. Abiria akipanda juu kwenye usukani kumsalimia, Baba anafunika skrini kwa taulo. Hata marehemu mama yangu hakumwambia, na mama ndiye aliyekuwa akimsaidia kusukuma matenga. Nilipomwomba mimi, akanijibu, "Kichwa hakivunjwi mlango, Twyla." Nikamwambia kichwa kinazikwa. Tulikaa siku mbili bila kusemezana.

Mtu aliyemfanya awe hivyo ni Purvis Steadham, kapteni wa gati hiihii, boti yake iko ya tatu kutoka yetu. Purvis alikuwa akimfuata Baba baharini kwa mbali, na darubini mkononi, akimwona amesimama, yeye anaandika mahali pale. Kila mtu alijua. Baba alimwita mwizi asubuhi mbele ya abiria, akamwita mwizi jioni mbele ya mkewe, hata kanisani alimwita mwizi, Purvis akiwa amebeba sahani ya sadaka. Purvis alikuwa anacheka tu. "Na wewe pia habari za asubuhi, Hollis," anamjibu.

Sasa nikuambie ya msimu ule. Uvuvi wa changu ulipofunguliwa, mimi nilikuwa nimeshapata cheti changu cha ukapteni, na Baba alishasema boti itakuwa yangu. Lakini boti bila namba ni chombo cha kuunguzia dizeli tu. Tena kulikuwa na jambo jingine lililonikosesha usingizi. Tangu wakati wa baridi Baba alikuwa amebadilika. Aliacha gari dukani akarudi nyumbani kwa miguu. Alimwita mbwa wetu kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Ni mambo madogo, unayacheka mbele za watu, halafu unaingia chooni unalia. Nikajiapiza kwamba safari ya kwanza ya kutwa nitamwomba namba kwa mara ya mwisho, na nitamtazama vizuri, nijue kama huyu bado ni mtu wa kukabidhiwa roho za watu kule mbali.

Abiria walikuwa Bwana Tharpe, muuza matrekta kutoka Tennessee, na waume wa binti zake watano. Huja kila mwaka. Mzee mwenyewe mdomo haumtulii, na wale wakwe anawapeleka puta. Kabla hatujafungua kamba, mkwe mdogo akatoa ndizi kwenye mfuko wake.

Kwenye boti zetu ndizi haipandi, ni mkosi. Ukiniuliza kwa nini, sijui, na hakuna anayejua, lakini haipandi. Baba alishuka ngazi, akamnyang'anya, akaitupa majini.

"Unataka kutuua?" akamwambia.

"Msamehe, Hollis," Tharpe akasema. "Huyo ndiye aliyemwoa kitinda mimba wangu. Sasa umeuona msalaba wangu."

Wote wakacheka, na Baba akacheka. Nikasema moyoni, afadhali, yuko sawa leo. Tukatoka kwenye mlango wa bahari na jua linachomoza, wale wakwe wakila mikate yao ya soseji, mimi nakata chambo. Nilifanya kazi ile nikiwa na moyo mwepesi kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Sehemu ya kwanza, Baba alipunguza injini, akasimamisha boti, akaniashiria. Wakashusha mishipi. Hakuna kitu. Nikashusha wa kwangu nikahisi chubwi, ule uzito wa mshipi, inavyogusa chini, ikatua polepole kwenye laini. Mchanga. Nikapanda juu.

"Ni kimbunga kile cha mwaka juzi," Baba akasema kabla sijauliza. "Kimeuhamisha mwamba."

Jambo hilo hutokea, kwa hiyo sikusema neno. Tukaenda sehemu ya pili, mwendo mrefu. Mchanga. Tharpe akaanza kumsema mkwe wake na ndizi yake, wale wengine wakadakia, hata mimi nikachangia, maana kumcheka mtu mwingine kulinisaidia. Sehemu ya tatu, boti ikaanza kuzunguka. Duara moja, duara la pili, kubwa zaidi. Nikaacha kila kitu nikapanda.

Baba alikuwa amesimama na mkono mmoja kwenye usukani, midomo inacheza. Alikuwa anasema namba. Nilisogea nyuma yake kimya nikasikiliza, mimi niliyekuwa nikizitaka namba hizo miaka yote. Alisema za kwanza vizuri, kwa sauti ya chini, kisha akafika mahali akanyamaza. Akaanza upya. Akafika palepale, akanyamaza. Nilisimama pale mpaka alipoanza mara ya tatu, halafu nikashindwa kuvumilia.

"Baba, hapa ni wapi?"

"Hapa ni hapa," akasema bila kugeuka. "Shuka chini. Abiria hawana mtu."

Nilishuka. Mimi si mwoga, nimewahi kutoa ndoana kwenye mkono wangu mwenyewe, lakini siku ile niliogopa. Abiria sita ndani ya boti, hakuna nchi kavu inayoonekana, na anayetuongoza hajui aliko. Pia niliona haya kwa ajili yake. Sikutaka Tharpe ajue. Sikutaka mtu yeyote ajue.

Nikaingia ndani kwenye chumba cha boti, nikachukua redio ndogo ya mkononi. Makapteni wote waliokuwa baharini asubuhi ile niliwafahamu, na wengi wangenisaidia kwa furaha, kisha jioni habari ingekuwa imeenea baa zote. Nilimtafuta yule mmoja ambaye baba yangu angekufa akijua nimemwita. Tukahamia masafa ambayo watu hawayasikilizi.

"Purvis," nikasema, "una samaki?"

Kwetu swali hilo haliulizwi. Ni kama kumuuliza mtu ana nini mfukoni.

"Twyla? Mzee wako yuko wapi?"

"Juu. Hatuna hata mmoja. Sehemu tatu, zote mchanga."

"Hollis amesimama kwenye mchanga?"

Nilimngoja acheke. Nilikuwa na tusi tayari mdomoni. Hakucheka.

"Mara tatu?" akauliza.

"Nimekwambia mara tatu, Purvis. Unataka nikuimbie?"

"Sawa, mama, sawa. Niko mashariki yenu, hapo mlipo mkitazama vizuri mtaniona. Nakunja mishipi yangu. Njooni msimame nilipo."

"Na abiria wako?"

"Watanuna. Mke wangu hununa kila siku na sijafa." Kisha akashusha sauti. "Ukifika utaujua mwamba wenyewe. Na usimwambie mzee kama tumeongea."

Nikatoka nje nikanyoosha kidole mashariki. "Baba," nikaita, "angalia yule Purvis. Anatoka pale haraka haraka, ana nini?"

Baba akachukua darubini. Alitazama muda mrefu, na nikaona mabega yake yananyooka. Ile boti nyeupe ya Purvis ilikuwa inageuza pua na kuondoka, watu wake wamesimama nyuma wamekasirika.

"Injini imemletea matata," Baba akasema. "Au kuna mtu anatapika. Kaacha mwamba wake wazi, mpumbavu." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa uso wa kijana. "Leo tunamwibia mwizi."

Aliikimbiza boti mpaka viti vikagongana. Tulipofika juu ya pale, nilikuwa nimesimama pembeni yake, na kwenye skrini chini yakainuka matuta matatu, mawili yamekaribiana na moja kando, na samaki juu yake wamejaa kama moshi wa jikoni. Nikaujua ule mwamba. Ni kama mtoto wako, huwezi kumsahau. Ni matenga ya kuku, tuliyasukuma sisi watatu, Baba, mama na mimi, na tenga la mwisho liliteleza kabla ya wakati wake ndiyo maana likaanguka kando. Mama alicheka sana siku hiyo. Baba alitukana tenga mpaka gatini.

Nilimtazama. Nikangoja. Yeye alikuwa anatazama matuta yale kwa macho ya mgeni anayesifu nyumba ya watu.

"Mwamba mzuri," akasema. "Angalia ulivyokaa. Sikujua kama Purvis ana akili hizi." Akavuta taulo akafunika skrini, Tharpe asije akaona. Halafu akainua pembe ya taulo. "Weka alama kwenye mashine, Twyla. Usifute. Za mwizi hazina haramu."

Miaka yote hiyo, na namba ya kwanza aliyoniruhusu kuihifadhi ilikuwa hiyo. Nikabonyeza. Macho yalinijaa machozi, nikasingizia yale mafuta ya kujikinga na jua.

Chini kulikuwa na sherehe. Mishipi haikuwahi kufika chini, samaki wameshameza chambo. Changu wakubwa wekundu, mgongo mpana, wanagonga sakafu ya boti. Kila mtu ana haki ya wawili, na wale wadogo niliwabana mdomo kwenye chubwi nikawarudisha chini taratibu, maana ukimtupa tu juu ya maji, na tumbo limemvimba kwa kutoka kina kirefu, anaelea anakufa. Mkwe mdogo ndiye aliyepata mkubwa kuliko wote. Tharpe alimtazama yule samaki, akamtazama mkwe.

"Mwakani lete ndizi mbili," akamwambia.

Baba alicheka kule juu mpaka akakohoa. Nilikuwa nikifanya kazi yangu, natoa ndoana, naweka chambo, natoa ndoana. Nilimkasirikia Purvis kwa wizi wake, nikamkasirikia tena kwa wema wake. Nilimkasirikia Baba kwa furaha ile. Ningemrudisha kuwa yule mkali wa kunitukana kama ningeweza, hata leo ningemrudisha.

Tukaanza safari ya kurudi. Abiria walilala, mmoja huku mmoja kule, vinywa wazi. Mimi nilikuwa naosha damu kwenye sakafu, na jua la alasiri likawa linanipiga usoni. Niliosha kidogo ndipo nikashtuka. Pwani yetu iko kaskazini. Tunaporudi nyumbani wakati ule, jua linakuwa mkono wa kushoto. Sisi tulikuwa tunalifuata.

Nilipanda ngazi, safari hii bila kujificha.

"Baba, nipishe."

"Nini?"

"Unatupeleka Louisiana. Nipishe."

Nilidhani atanipiga kwa taulo. Alitazama dira, akalitazama jua, akatazama tena dira. Mikono yake haikuachia usukani, lakini boti ilianza kupunguza mwendo, kwa hiyo nikajua kwamba ameelewa.

"Umejua tangu lini?" akaniuliza.

"Kwa hakika, tangu asubuhi."

"Mimi tangu Krismasi." Alisema bila kunitazama. "Siku ile ulipopata cheti chako, nilikaa garini nje ya nyumba yako. Nilikuwa nimekuja kukupa namba. Zote. Nilisema leo nampa binti yangu, basi, ubishi umekwisha. Nikazitafuta, nikapata nusunusu. Za mwanzo zipo, za mwisho hazipo. Nikaona aibu kushuka. Nikarudi."

Nilikumbuka siku ile. Nililiona gari lake, nikadhani amepita tu, nikamkasirikia kwamba hakuingia hata kunipongeza. Sikumwambia hivyo.

"Ungeniambia, Baba."

"Nikuambie nini? Kwamba nilikunyima ukiwa unaomba, sasa naleta makapi?" Sauti ilimkatika. "Niliwaficha wezi namba. Nikakuficha na wewe humo humo."

Akaachia usukani. Akasogea kwenye kiti cha pembeni, kile wanachokaa abiria wanaopanda kupiga picha, akakaa. Nikaigeuza boti mpaka jua likarudi mkono wa kushoto. Tulikwenda hivyo muda, injini zikinguruma. Majengo marefu ya ufukweni yalipoanza kuonekana, akaniuliza jambo nililokuwa nimeomba asiulize.

"Ule wa leo ulikuwa wangu?"

Ningeweza kumdanganya. Ilikuwa rahisi, na angefurahi mpaka kesho.

"Ndiyo, Baba. Ni ule wa matenga ya kuku. Tuliutosa na mama."

Akaitikia kwa kichwa, akageukia baharini.

"Nilishangaa," akasema tulipofika kwenye mlango wa bahari. "Nikasema, Purvis hawezi kuupanga vizuri hivi."

Gatini kulikuwa na watu kama kawaida, watalii wanatazama samaki wanavyotundikwa, makapteni wanaosha boti. Purvis alikuwa kwenye meza ya kusafishia samaki na kisu chake. Alipotuona alijifanya ana kazi nyingi. Abiria waliposhuka, Baba alishuka nyuma yao, akatembea moja kwa moja mpaka mezani. Wenzetu wakaacha kuosha. Walizoea kusikia matusi saa hizo.

"Purvis," Baba akasema. "Una ngapi zangu?"

Purvis akaweka kisu chini. Alinitazama mimi kwanza, nikatazama pembeni.

"Nyingi, Hollis."

"Sikuulizi kama ni nyingi. Nauliza ngapi."

"Karibu zote," Purvis akasema. "Isipokuwa zile za upande wa magharibi. Kule ulikuwa unanipotezea."

Hakuna aliyecheka. Baba alisimama ameshika ukingo wa meza, kati ya vichwa vya samaki, na mimi nikasogea karibu nimzuie, maana nilimwona anavyopumua. Nguvu ilikuwa bado ipo mikononi mwake.

"Mpe huyu," akasema, akanionyesha kwa kidevu. "Zote. Ukimficha hata moja nitakuvunja mguu, mwizi mkubwa wewe."

"Nitampa leo," Purvis akasema. Macho yake yalikuwa mekundu.

Baba akarudi kwangu. Akavua ufunguo wa boti shingoni, ule wenye kipande cha boya ili usizame, akanitia mkononi mbele ya gati nzima. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, kesho tuna safari ya saa ngapi.

"Saa kumi na mbili asubuhi, Baba."

"Basi nitakuwa hapa saa kumi na moja," akasema. "Baharia hamsubirishi kapteni."